Gunia la Mchanga

Karakana ya Chengula, Mafinga. Ukungu bado mlangoni.
Gunia la mchanga linapanda kwa kamba,
linashuka kitini kwa kishindo.
"Mia nne na sita," nahesabu,
vidole vimekufa ganzi.

Oda ni ya benki, viti arobaini.
Mhasibu gani atajua
kwamba mchanga ulimtangulia kuketi?

Mia saba na kumi na moja: kiungo kinalia,
kidogo tu, kama panya darini.
Chengula anazima redio.
Halitaji jina la Tulizo,
karani wa Makambako
anayechechemea tangu mwaka juzi.
"Msonobari huu," anasema,
"ulikaushwa na haraka, si na jua."

Anakivunja mwenyewe kwa nyundo.
Tunachemshia chai,
tumekalia matofali.