Mkaa Ukutani

Nilipanda Busamaga na fomu arobaini,
kalamu mbili, na barua ya hospitali.
Maporomoko ya Wanale yalining'inia nyuma ya nyumba
kama uzi mweupe uliosahauliwa sindanoni.

Kuloba, miaka kumi na mitatu, alikuwa barazani
katika kiti chenye gurudumu moja la baiskeli ya marehemu babu yake.
Misuli yake inavuja nguvu taratibu,
gunia la kahawa lenye tundu
ambalo mafundi wote wamelitafuta wasilione.

Unajisikia mpweke: kamwe, mara chache, mara nyingi, daima?
"Saa ngapi?" akauliza.
"Asubuhi wakienda shule, daima.
Jioni kuna mpira, na filimbi ninayo mimi.
Nikiipuliza, wote husimama."

Una marafiki wangapi?
"Wanaonibeba, au wanaoningoja?"
Kisanduku kilikuwa kimoja.
Niliandika namba, nikaifuta, karatasi ikatoboka.

Mama yake, Nambozo, alikuwa akichambua maharage.
Hakuinua macho. "Andika anakula vizuri," akasema.
"Andika usiku namgeuza mara tatu,
na mara ya tatu hujifanya amelala
ili nisimwombe radhi."

Kisha Kuloba akanionyesha ukuta.
Nyumba nyingine watoto hupimwa kwa mistari ipandayo.
Hii ya mkaa ilikuwa inashuka:
hapa mkono ulifika wakati wa Pasaka,
hapa mahindi yalipovunwa,
hapa jana.
"Usinisaidie," alisema, akiunyanyua.
Ukaishia chini ya jana kwa upana wa kidole.
Akachora mstari mwenyewe,
mwembamba, ulionyooka.

Mwezi wa nane kaka yake, Wetaka, atasimama mbele ya kisu.
Ngoma zimeshaanza kukohoa upande wa Namatala.
"Mwanamume husimama wima, jicho halipepesi.
Mimi jicho naliweza," akasema Kuloba.
"Hilo mtaliandika wapi?"

Nikageuza karatasi.
Upande wa pili ulikuwa mtupu.

"Na wewe," akaniambia, "kupanda hapa
ulipumzika mara ngapi?"
Mara mbili, nikajibu.

Tatu. Alikuwa akinitazama
tangu kule chini.