Haba na Haba Huziba

Tjitske anapika mchanga usioonekana.
Ethanoli, maji, amonia kidogo,
ile inayochoma pua hadi machozi.
Kisha silika ya majimaji, tone,
tone,
na sumaku inazunguka chini ya chupa
kama mtu aliyeangusha ufunguo gizani.

Dakika ya tatu, kimya.
Ya sita, kimya. Nje theluji imelalia baiskeli
na mfereji wa Leeuwarden umeganda nusu.
Ya tisa, ukungu wa buluu.
Ya kumi na mbili, maziwa.
"Haya, mmekuja," anasema, peke yake chumbani.

Mviringo kamili, nanomita mia mbili na hamsini kila moja:
zipange elfu nne, utapata milimita.
Hazikuzaliwa kujenga kitu. Zimezaliwa kuziba.
Ndiyo kazi anayolipwa, kutengeneza uchafu safi,
uchafu wenye adabu na kipimo,
maana tope la mto ukiliuliza swali
hujibu kwa sauti elfu.

Anazisukuma kwenye utando mweupe.
Mizani inahesabu maji yanayovuka:
gramu arobaini kwa dakika. Thelathini na moja. Kumi na tisa.
Zile ndogo za juzi ziliingia vitunduni zikakwama kooni;
hizi zimekaa mlangoni, tabaka juu ya tabaka,
wageni wasiojua kuaga.
Akitia chumvi kidogo zinaacha kusukumana,
zinabanana.
Kumi na moja.
Sita.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba kikishajaa
maji yapite wapi?

Simu. Ni Hidde wa kampuni ya maji:
"Vichungi vyetu vitadumu miaka mingapi?"
"Niulize Ijumaa."
Ni Ijumaa ya nne hii anaahidi Ijumaa.

Usiku alisahau utando mezani.
Asubuhi umekauka, na lile tope,
tope lake mwenyewe, lililoshinda pampu,
linang'aa kijani.
Anainamisha kichwa: samawati.
Hakutia rangi yoyote. Ni mpangilio tu,
chembe sare zilizojipanga safu gizani
bila kuamriwa, na mwanga umenaswa katikati yake.

Anasimama na koti begani, kahawa inapoa.
Kisha anafungua daftari, anaandika kwa wino:
Tabaka nene. Maji hayapiti. Jaribio limeshindwa.
Na pembeni, kwa penseli, herufi ndogo
ambazo Hidde hatazisoma:
kijani.