Inuka Kidogo, Bwana Wasyliw

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Trela hili halikujiuza wala halikujitembeza:
limekaa nyuma ya ghala la ngano la Orest Wasyliw
majira manne ya baridi, tairi zimezama nyasini,
na leo, mwezi wa nne, theluji ya Saskatchewan
ingali imelala upande wa kivulini
kama mbwa asiyetaka kuondoka.

“Limesafiri kidogo tu,” asema.
Simsikilizi. La kwanza nililinunua kwa macho, mimi na Darrell,
na Julai ile mguu wangu ukapita sakafuni
nikiwa nimeshika sufuria ya viazi.
Safari hii nimekuja na bisibisi, kurunzi,
na pua.

Pua kwanza. Fungua mlango, simama, vuta pumzi moja;
ya pili imeshazoea, ya pili itakudanganya.
Limau. Mtu amepuliza limau asubuhi hii,
na limau halioti Saskatchewan.
Chini ya limau, taratibu,
kama mtu anayekohoa chumba cha pili:
kuvu.

Nikapanda juu ya paa, nikatambaa kwa magoti.
Kwenye maungio, gundi mpya, nyeupe pee,
juu ya gundi kuukuu iliyopasuka kama kisigino.
Bandeji juu ya donda lisiloshwa.
Nikashuka, nikasoma tairi, si meno yake, umri wake:
tarakimu nne ubavuni, juma na mwaka.
Mpira haufi kwa kutembea tu, hufa hata kwa kukaa.
Miaka kumi na mitatu. Nikaandika kiganjani: toa mia sita.

Ndani, kuta. Unagonga kwa kifundo cha kidole
kama unavyobisha kwa jirani usiyemzoea.
Ko, ko, ko. Mbao zipo nyumbani.
Ko, ko. Zipo.
Pembeni mwa dirisha: pu.
Hakuna mtu.

Ndani ya kabati la vikombe, kwa penseli, mwandiko wa mwanamke:
*Ziwa Kenosee. Mvua siku tatu. Nimeshinda karata zote. Orest kanuna.*
Nikafunga kabati. Bawaba nzima.

Ndipo nikang’amua: tangu tuingie, mzee ameketi.
Nimejaribu jiko, pampu, bomba, taa moja moja,
naye ananielekeza kwa kidevu, kofia gotini,
kwenye pembe ileile ya kochi, chini ya dirisha lilelile.

“Inuka kidogo, Bwana Wasyliw.”
“Magoti,” asema.
“Nitakushika mkono.”

Akainuka. Nikatoa mto.
Ubao mweusi kama majani ya chai yaliyobaki birikani.
Bisibisi haikuomba ruhusa, ilizama hadi mpini,
ikarudi na tonge la mbao, laini, lenye maji.

Akatazama viatu vyake.
“Zenovia alipenda kusikia mvua,” akasema.
“Alikuwa akiliacha dirisha wazi kidole kimoja.
Kidole kimoja tu. Miaka thelathini nilimkataza.”

Kiganjani mwangu hapakuwa na nafasi ya kuandika hilo.

Alitaka elfu tisa. Nikasema tano.
Akasema saba, akiutazama ukuta, si mimi.
Upepo ukagonga ubati kwa nje, na pale penye pu
hata upepo ulijua.

“Friji je?”
“Linafanya kazi.”
“Liwashe.”

Friji la gesi halina haraka. Ulipe saa nne
ndipo uingize mkono na kuamini.
Akapiga kiberiti, mara moja, mara mbili;
mwali ukashika, wa buluu, mdogo kama ukucha.
Tukafunga mlango wake. Yeye akarudi pembeni pake palipooza,
mimi nikakaa kwenye kidato cha mlango, kola nimeipandisha,
theluji kando ya buti,
tukisubiri kuona
kama sanduku lile lingeweza kuleta baridi.