Breki ya Mtutu

Lomuria, bega lako limeiva kama zambarau,
nililiona ulipovua shati la doria.
Umeleta breki tatu kutoka Moroto, zimeviringishwa kwenye gazeti.
Ya kwanza inapwaya.
Ya pili tundu lake jembamba, risasi ingeigonga kabla ya kutoka.
Hii ya tatu, zungusha kushoto. Kushoto, nimesema!
Mtutu huu hesi zake ni za mashoto,
kama marehemu mama alivyosonga ugali wa mtama.
Sikia. Imekaa.

Teke litapungua, naam.
Lakini kishindo hakifi, kinahama:
kitatokea ubavuni,
kwenye sikio la Longole, anayelala nawe nyasini Kidepo
mkivizia majangili.

Bega ni lako.
Yeye umemuuliza?