Kitako cha Gorogoro

Jumatano zamu ilikuwa ya Berita Kavulani,
nyumba ya juu, ukiiacha barabara ya Chavakali,
makochi yamevikwa vitambaa, taa ya sola inapepesa,
chai ya tangawizi, njugu kwenye sinia.
Sisi Marafiki hatuna haraka. Tunaanza kwa kunyamaza
mpaka uisikie mvua inavyochagua bati la kuangukia.

Kisha Mwalimu Asava, mstaafu, miwani imefungwa uzi:
Leo Torati, sura ya ishirini na tano, karibu na mwisho.
Mistari minne tu. Nani ana sauti?

Nina sauti. Ndiyo inayoniuzia mahindi.
Nikasoma kama ninayeita wateja,
habari ya mtu na mawe yake mawili mfukoni,
zito la siku hii, jepesi la siku ile,
na vibaba vyake viwili nyumbani, kikubwa na kidogo.
Hapo ulimi ukanasa
kama ganda la punje kwenye ufizi.

Maana ninayo makopo mawili.
La kununulia nimeliongezea ukingo wa bati;
hilo hupanda nalo Lugari, kwa wanawake wanaouza kwa shida.
La kuuzia nililipindua siku moja, nikaligonga kwa nyundo
mpaka kitako kikavimba kwa ndani kama tumbo la chura.
Konzi moja na nusu kila kopo, inabaki kwangu.
Konzi hizo zimemlipia Elphas karo ya muhula wa pili.
Nimezitolea hata zaka, bila kukosa.

Mwalimu akauliza: maneno haya yanamwambia nani?
Shem Ludenyi akasema, wanasiasa.
Eeh, tukaitikia, wanasiasa!
Berita akasema, wenye pampu za petroli.
Tukaitikia.
Mimi nikasema, Mungu anihurumie,
yanawahusu madalali.

Mwalimu hakubisha. Alizungusha njugu kiganjani,
akasema, turudie, kila mtu kimoyomoyo,
na ukifika penye mfuko, tia mkono kwenye wako.

Nikatia.
Ufunguo wa kibanda.

Ijumaa kabla jua halijatoka
nikaliweka kopo juu ya jiwe la kufulia,
nikapiga kutoka ndani.
Kitako kikarudi, lakini si kama kilivyotoka dukani:
kimebaki na mikunjo,
uso wa mtu aliyelia akanawa.

Mteja wa kwanza, Mama Respah Indasi, na kiondo chake.
Nikajaza, nikarundika, nikamimina.
Kiondo kikamvuta bega kuliko alivyozoea.
Nikaanza: Mama, kuna jambo,
hili kopo, zamani...
Akalichukua. Akapitisha kidole kwenye mikunjo, polepole,
kama anayefuata mstari ambao herufi zake ni ndogo.

Nilijua, akasema. Tangu mwaka ule wa ukame.
Nyumbani nina kikombe. Huwa napima.

Sasa mbona uliendelea kuja?

Wengine hawakopeshi.

Hakutabasamu. Hakusema amenisamehe,
wala sikuwa na uso wa kumwomba.
Akafungua fundo la leso, akanilipa deni la wiki iliyopita,
shilingi kwa shilingi, akanihesabia mkononi,
akaondoka akiegemea upande mmoja.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kutubu, marefu,
yenye machozi mahali pake.
Yakabaki mdomoni, nikayameza na vumbi la mahindi.

Jumatano hii zamu ni yangu.
Mwalimu amemtuma mtoto kuuliza: tusome wapi?
Nimemwambia, palepale.
Yule mtoto akacheka: si mlimaliza?

Wao walimaliza.
Mimi niko katikati ya mstari wa pili.
Kile kidogo nimekinyoosha.
Kikubwa bado kiko chini ya meza,
kimefunikwa gunia,
na Jumatatu ni siku ya Lugari.