Natafuta Mahari

Wiki ya kwanza Kijenge nilimwambia dalali
natafuta mahari.
Akacheka hadi akashika ukuta:
"Mama, unaoa au unapanga?"
Nilitaka mahali. Chumba na jiko, basi.
Ulimi wangu umetoka kule ambako r na l
hulala kitanda kimoja, shuka moja,
na hakuna anayeuliza huyu ni nani.

Miaka kumi na tisa sasa.
Mwanangu Hirwa, mzaliwa wa hapahapa,
hunisahihisha mezani: "Si kurara, mama. Kulala."
Nami naenda kulala nikiwa nimesahihishwa.

Alfajiri nashuka na debe
hadi zizi la Mama Nanyaro, nyuma ya saluni,
kuokota mavi.
Mabichi, ya yule ndama dume wa Pasaka,
kabla inzi hawajapata habari.
Mwanzoni alidhani nina bustani ya mchicha.
Siku aliyonikuta nayapaka ubaoni kwa vidole
akaniita pembeni, sauti ya chini,
kama anayezungumza na mgonjwa:
kuna mchungaji pale Sakina, huombea watu.

Nimweleze nini?
Kwamba bibi yangu, Kibungo, alikuwa na ukuta.
Kwamba kwa samadi na majivu aliinua matuta
yaliyonyooka bila rula, yakapinda kona, yakarudi,
meusi kwa mshubiri uliochomwa, meupe, mekundu.
Nilikuwa na miaka saba. Sikufundishwa.
Nilishika bakuli.
Ninachokijua ni mgongo wake, na kiwiko
kikienda na kurudi.
Tulipoondoka watu walibeba sufuria, godoro, mbuzi.
Ukuta, nani hubeba ukuta?

Samadi ya hapa si ile.
Ina nyuzi za mgomba na pumba za kiwandani,
ikikauka hupasuka. Mbao kumi za kwanza
ziliachia vipande usiku, ko, ko, sakafuni,
nami kitandani nahesabu.
Nikaongeza majivu, nikapunguza maji.
Udongo mwekundu nikachota kingo za Themi.
Mweupe nikaununua Soko Kuu, ule wanaotafuna wajawazito;
muuzaji akanitazama tumbo, akatazama mvi zangu,
akasema hongera.

Bwana Shirima wa duka la vinyago
anaipenda kazi yangu, lakini,
na lakini yake ina shingo ndefu:
"Weka twiga mmoja tu. Hapa pembeni.
Wageni hawanunui mistari."
Nikamwambia mistari hii ni watu.
Si kweli. Ni mistari.
Ila alinikera.

Machi, mvua zikianza,
nilikuwa nachora matuta manne, mkono ukienda wenyewe,
ukienda kama kiwiko kile,
la tatu likabomoka upande wa kulia.
Nikachovya kidole nilijaze.
Nje mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo
na Meru umesimama dirishani
na ubavu wake uliomomonyoka, kulia vilevile,
haujazibwa na mtu tangu enzi na enzi,
na watu wanalima chini yake.
Nikanawa mikono.

Mama Nanyaro alifuata debe lake jioni.
Akasimama mbele ya ubao, kanga puani kwa mazoea,
ingawa umekauka, haunuki tena.
Kisha akaishusha kanga.
Akagusa tuta kwa ukucha, akalifuata
hadi linapopinda, hadi linapobomoka,
akabaki hapo.
"Kumbe," akasema, "hii ni fahali."
Au alisema fahari.
Masikio yangu hayajajifunza kuvitenganisha vitu hivyo
na Hirwa alikuwa shuleni.
Nikamjibu ndiyo.

Akatoka. Akarudi, akachungulia mlangoni:
kuanzia Jumatatu, debe ni mia tano.