Uzi wa Kushoto

Walipomtoa Steinvör tezi ya shingo
mshipa wa fahamu, mwembamba kama unywele, uliguswa.
Uzi wa sauti wa kushoto ukalala.
Ukabaki mwenzake:
kidole kimoja hakivunji chawa.

Maji humpalia. Neno hutoka pumzi tupu.
Huko malishoni, Aisilandi, theluji ikianguka,
alimwita mbwa wake, Kolur.
Mbwa alitazama kwingine, akimtafuta mwenyewe.

Akureyri, daktari alimdunga sindano kooni;
uzi uliolala ukanenepa,
ukasogea katikati, ukangoja kuguswa.
"Huenda usiamke," alisema. "Tumeusogeza tu karibu na mwenziwe."

Jioni, mlangoni:
"Kolur!"
Sauti ya kukwaruza, si ile ya zamani.

Mbwa akasimama.
Akainua sikio moja.
Kondoo wote akawaacha.